Maswali ya Wasomaji: Lugha za Wazee Wetu Zitarithiwa na Nani?

Tangu tulipowaalika wasomaji waandike kuhusu lugha za asili, barua zimetufikia kwa wingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, kwa kuwa wengi wao wametaja mambo ya familia zao.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Ugweno, wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Bibi na babu yangu walizungumza Kigweno maisha yao yote. Wazazi wangu wanakielewa, lakini walitulea kwa Kipare na Kiswahili, na wanangu wanajua Kiswahili peke yake. Nikisema kwamba Kigweno kinakufa, watu wa nyumbani hunicheka na kuniambia kwamba Wagweno wako maelfu. Nani aliye sahihi?

JIBU: Ndugu yetu, wewe ndiye uliye sahihi, ingawa hao wanaokucheka hawakosei katika hesabu. Wagweno wapo na wataendelea kuwapo. Kinachopungua ni nyumba ambamo mtoto huamshwa, hutumwa dukani na hukaripiwa kwa Kigweno. Wataalamu waliokutanishwa na UNESCO mwaka 2003 ili kuweka vigezo vya kupimia uhai wa lugha walitaja vigezo tisa, na cha kwanza walichokiweka ni urithishaji kutoka kizazi hadi kizazi.

Kwa kipimo hicho, lugha huanza kuingia hatarini pale watoto wanapoizungumza nyumbani tu na si kwingineko. Hatari huwa dhahiri watoto wanapoacha kabisa kuipata nyumbani kama lugha ya kwanza, na huwa kubwa mno pale ambapo babu na bibi ndio wanaoizungumza, huku wazazi wakiielewa bila kuitumia wao kwa wao wala kwa watoto wao. Hatua inayofuata ni ya lugha mahututi, ambayo hata hao wazee huisema kwa nadra na kwa vipande. Familia uliyoieleza katika barua yako imo katika hatua ile ya hatari kubwa mno, na kutoka hapo hadi umahututi ni mwendo wa kizazi kimoja.

Linganisha na Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao idadi yao ni kiasi cha watu elfu moja na kidogo. Watoto wao bado hukua wakizungumza Kihadza, lugha ambayo hadi leo haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Kwa kigezo cha urithishaji, lugha hiyo ya watu wachache ina afya kuliko lugha ya watu laki moja ambao wote wamevuka umri wa miaka hamsini. Sisemi kwamba Kihadza kiko salama, kwa maana ardhi yao ya kuwindia imezidi kumegwa na wafugaji na wakulima, na watu wakiishaondolewa katika ardhi yao, mambo mengi waliyokuwa wakiyasema huko hukosa mahali pa kusemewa.

Wazazi wako wakiwa hai, jambo la kwanza ni kuwaomba waseme Kigweno na wajukuu wao, tena bila kuwatafsiria kila neno. Wanachokielewa bado kinaweza kutamkwa, hata kama mwanzoni watasitasita.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Tumefundishwa kwamba lugha hufa kwa sababu wazungumzaji wake hulazimishwa kuiacha. Lakini nimesikia kwamba wapo watu walioacha lugha yao kwa hiari. Je, inawezekana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zito, na mfano ulio karibu nasi ni wa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, huko Laikipia, kaskazini mwa Mlima Kenya. Hawa walikuwa wawindaji na warina asali, waliokuwa wakikaa katika mapango na kuzungumza lugha ya Kikushi, yaani ya ukoo mmoja na Kisomali, isiyofanana hata kidogo na Kimaasai cha majirani zao. Utajiri wao ulikuwa mizinga ya nyuki, na mizinga hiyo ndiyo iliyotolewa mahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilipohamisha watu ili kuwapa walowezi nyanda za Laikipia, na baadaye kuitenga Mukogodo kuwa hifadhi ya wenyeji, vikundi vyenye mifugo vinavyozungumza Kimaasai vilijikuta vimebanana na Wayaaku katika eneo hilohilo.

Hapo mambo yaligeuka kwa njia ambayo pengine hakuna aliyeikusudia. Mwenye ng'ombe alipokuja kuoa binti wa Kiyaaku alileta mifugo, na baba aliyeonja mahari ya mifugo hakutaka tena mizinga. Kijana wa Kiyaaku aliyekuwa na mizinga tu akakosa mke hata kwao, ikambidi atafute mbuzi na ng'ombe. Kutafuta mifugo kulimaanisha kuishi kwa desturi za wafugaji, na desturi hizo zilikuwa na lugha yake. Juu ya hayo, Wamaasai walikuwa na jina la dharau kwa mtu asiye na ng'ombe, na hakuna mzazi anayependa mwanawe aitwe hivyo. Watafiti waliofika huko wameandika kwamba katika miaka ya 1930 Wayaaku walikutana hadharani wakakubaliana kuwalea watoto wao kwa Kimaasai. Ndani ya miaka arobaini Kiyaaku kilikuwa kimebaki kwa wazee wachache.

Je, huo ulikuwa uamuzi wa hiari? Kwa maana ya kwamba hakuna aliyewapiga, ndiyo. Lakini mtu anayechagua kati ya lugha yake na uwezekano wa mwanawe kuoa hana uhuru mkubwa wa kuchagua, na mimi siwezi kuwalaumu wazee wale. Nadhani walimu wako na wale uliowasikia wanaeleza jambo moja kutoka pande mbili. Nguvu inayoiua lugha kwa kawaida hufika nyumbani ikiwa imevaa sura ya uamuzi wa mzazi.

Viboko navyo vilikuwapo. Katika shule nyingi za Kenya, mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amnase mwenzake aliyefanya kosa hilohilo, na jioni wote walioshika kibao wakaadhibiwa. Watoto walifundishwa kwa namna hiyo kuisikiliza lugha ya mama zao kama ushahidi wa kosa. Wengi wa waliopitia hayo leo ni mababu, na baadhi yao bado hushusha sauti wanapoisema lugha yao mbele ya wageni.

SWALI: Mhariri, Kiswahili kilituunganisha Watanzania kwa jasho kubwa. Nyinyi mnaohimiza lugha za makabila hamwoni kwamba mnaturudisha kwenye ukabila? Msomaji, Tabora.

JIBU: Hoja yako tunaiheshimu, kwa kuwa sisi tunaoandika gazeti hili tunakula na kuvaa kwa Kiswahili, na hatutamani kuona nafasi yake ikipungua. Hata hivyo, tuangalie majirani. Rwanda karibu watu wote husema Kinyarwanda, Burundi husema Kirundi, na Somalia kwa sehemu kubwa husema Kisomali. Kuwa na lugha moja hakukuzikinga nchi hizo na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kilichotuunganisha Watanzania hakikuwa kunyamaza kwa Kisukuma au Kihehe. Waliokipeleka Kiswahili kila pembe ya nchi walikuwa watu waliokuwa wakisema Kizanaki, Kinyamwezi na Kichaga majumbani mwao, na hakuna kati yao aliyelazimika kusahau ya nyumbani ndipo aelewe ya taifa.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inawataka wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza ziandikwe, zitafitiwe na zihifadhiwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaipa serikali wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji pamoja na lugha ya alama. Ukweli unaotuuma ni kwamba maneno hayo hayajapata shule wala redio ya kutosha. Na sisi wapenzi wa Kiswahili tuna deni la kukiri jambo: lugha inayozimeza lugha ndogo za Tanzania siku hizi kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili, si Kiingereza. Huko bara ya Lamu na Mto Tana, Wadahalo, ambao lugha yao ya Kikushi ina sauti za vidoko, yaani za kufyatua ulimi, zisizopatikana kwa jirani zao yeyote, wamekuwa wakiiacha na kushika Kiswahili. Kupenda Kiswahili kwa dhati kunatupasa tulione hilo na kulisema.

SWALI: Sisi ni watu wa Barawa tunaoishi Mombasa tangu vita. Nyumbani tunasema Chimiini, lahaja yetu ya Kiswahili, lakini watoto wanasema Kiswahili cha Mombasa na wenzao walioko Marekani wanasema Kiingereza. Je, lahaja nayo huhesabiwa kuwa hatarini, au huhesabiwa lugha kamili tu?

JIBU: Huhesabiwa, tena Chimiini ni mfano mzito. Karne nyingi kilisemwa katika mji mmoja wa pwani ya kusini mwa Somalia, kikiwa kimezungukwa na Kisomali, na kikahifadhi mambo ya matamshi na sarufi ambayo Kiswahili cha kusini hakina. Kina pia ushairi wake wa dini, na miongoni mwa watunzi wake mashuhuri ni mwanamke, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya wenyeji wa mji huo, na lugha ya mji mmoja ikitawanywa katika mabara matatu hupoteza soko, msikiti na baraza kwa mara moja. Bahati njema, Mohammad Imam Abasheikh, mwenyeji wa Barawa, pamoja na Charles Kisseberth waliandika kamusi pana yenye mifano mingi ya sentensi. Msitosheke nayo. Wazee waliokulia Barawa kabla ya vita wangali hai katika nyumba zenu, na kamusi haina masimulizi yao ya mitaa waliyocheza.

SWALI: Mimi ni msichana wa Kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria. Nyanya yangu anajua Kisuba vizuri sana. Sisi wengine tunaongea Dholuo. Amezeeka na sitaki aondoke na kila kitu. Sina kifaa chochote isipokuwa simu. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yetu, anza wiki hii, na anza kwa kumwomba ruhusa. Mweleze kwa utulivu unachotaka kurekodi, nani atakisikiliza na kitahifadhiwa wapi, kisha umrekodi akitoa jibu lake mwenyewe kwa Kisuba. Akisema kwamba wimbo fulani ni wa matambiko na haupaswi kutoka nje, usiutoe. Akibadili nia mwezi ujao, ufute. Watafiti wengi wa zamani walibeba sauti za wazee hadi Ulaya bila kuacha nakala hata moja kijijini, na jambo hilo lisirudiwe na wajukuu wenyewe.

Simu inatosha kwa kuanzia. Izime mtandao ili isilie katikati ya hadithi, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu naye, umbali wa shibiri mbili hivi kutoka mdomoni, na ukae mahali ambapo upepo wa ziwa haufiki. Paa la mabati likinyeshewa huharibu kila kitu. Ukiweza kupata programu inayorekodi katika mfumo wa WAV itumie, kwa sababu sauti iliyobanwa hupoteza baadhi ya yale ambayo mwanaisimu atayahitaji kusikia. Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayesema na mada. Miaka ishirini ijayo faili isiyo na maelezo hayo itakuwa sauti ya mtu asiyejulikana akisema jambo lisilojulikana.

Sasa cha kurekodi. Wengi huanza kwa kuuliza, "Samaki mnaitaje? Maji mnayaitaje?" na baada ya saa moja wana orodha ya nomino mia mbili na hakuna hata sentensi moja. Orodha ina kazi yake, lakini haimwonyeshi mtu jinsi ya kukataa kwa adabu, kumhimiza mtoto aliyezubaa au kukatiza maneno ya mwingine. Mpe nyanya yako wavu uliochanika, mwombe akueleze unavyoshonwa huku akiushona, nawe usimkatishe. Nenda naye ufukweni asubuhi akutajie pepo za ziwa na kila upepo unamwambia nini mvuvi. Mletee majani ya dawa mkononi badala ya kumuuliza majina yake hewani. Muhimu kuliko yote, mtafute mzee mwenzake anayejua Kisuba, waketishe pamoja, washe simu na uondoke kidogo, kwa maana watu wawili wanaoteta habari za jirani husema lugha ambayo hakuna hojaji itakayoipata. Hesabu, vitendawili, salamu za msiba, namna ya kuita kuku: vyote hivyo ni vya kurekodiwa.

Kisha andika. Hapa ndipo kazi ilipo, maana saa moja ya mazungumzo inaweza kudai saa kumi na zaidi za kuiandika na kuitafsiri, na lazima ifanyike nyanya akiwa hai ili akusahihishe. Tumia tahajia ambayo tayari inatumika katika vitabu vya Kisuba, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 zimekuwapo jitihada za kukifundisha katika shule za msingi, na usibuni yako. Ukipata kompyuta, programu ya ELAN iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, hutolewa bure na hukuwezesha kuyapanga maandishi chini ya sauti, sekunde kwa sekunde. Weka nakala tatu mahali patatu, moja ikiwa nje ya nyumba yenu. Zipo pia hifadhi za kudumu zinazopokea kazi kama yako, mojawapo ikiwa ELAR, iliyoanzia London na sasa iko Berlin, ambako mwenye rekodi huamua nani aruhusiwe kuisikiliza.

Na katika shughuli yote hiyo, zungumza naye kwa Kisuba, hata kama ni cha kubabaisha.

SWALI: Babu zangu walikuwa Wayaaku. Mimi nimekulia Nanyuki nikisema Kimaasai na Kiswahili. Je, lugha iliyokwisha kunyamaza inaweza kurudi, au tunajidanganya?

JIBU: Hamjidanganyi, ila mjue mnachokiomba. Watu hupenda kutaja Kiebrania, lakini hicho hakikuwahi kunyamaza kabisa, kwa sababu kiliendelea kusomwa na kuandikwa na wasomi wa Kiyahudi karne zote. Mfano unaowafaa nyinyi zaidi ni Kimanx cha Kisiwa cha Man, kati ya Ireland na Uingereza. Mzee wa mwisho aliyekulia katika lugha hiyo, Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Lakini mwaka 1948 Tume ya Ngano (hadithi za mapokeo) ya Ireland ilikuwa imetuma watu kumrekodi yeye na wazee wenzake, na vijana wachache wa kisiwa hicho walikuwa wamewaendea wazee hao na kujifunza kwao. Mwaka 2001 ilifunguliwa shule ya msingi inayofundisha masomo yote kwa Kimanx. UNESCO ilipotangaza mwaka 2009 kwamba lugha hiyo imetoweka, wanafunzi wa shule hiyo waliiandikia barua kwa Kimanx wakiuliza kwamba, kama lugha yao imetoweka, basi wao wanaandika kwa lugha gani. UNESCO ikabadilisha kauli.

Kimanx cha watoto hao si kile hasa cha Maddrell. Kina lafudhi ya Kiingereza na maneno mapya ya darasani. Kiyaaku mtakachokirudisha nacho kitakuwa na mwendo wa Kimaasai ndani yake, na wapo watakaosema kwamba hicho si Kiyaaku halisi. Ushauri wangu ni kuwasikiliza kwa heshima na kuendelea, kwa kuwa lugha zote zilizo hai zimebeba alama za lugha zilizokutana nazo, Kiswahili kikiwa cha kwanza.

Nyinyi hamwanzi mikono mitupu. Bernd Heine alichapisha maelezo ya Kiyaaku katikati ya miaka ya 1970, na baada ya mwaka 2000 Wayaaku wenyewe waliunda chama chao, na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Leiden wakaja kufanya kazi na wazee waliobaki. Kinachokosekana ni saa za kukisema. Wamaori wa New Zealand mwaka 1982 walifungua vituo vya malezi viitwavyo kohanga reo, ambamo wazee walikaa kutwa na watoto ambao hawajaanza shule na kusema nao Kimaori tu, na miaka mitano baadaye lugha hiyo ikatambuliwa kisheria kuwa rasmi. Huko California, ambako lugha nyingi zimebakiwa na wazungumzaji wachache mno, tangu miaka ya 1990 mzee mmoja huunganishwa na kijana mmoja, wakapika, wakafua na kutembea pamoja kwa saa nyingi kila wiki bila kutumia Kiingereza.

Kwenu, uwanja ambao msamiati wa Kiyaaku umehifadhika vizuri ni wa nyuki na asali, na kurina asali bado ni kazi ya watu wa Mukogodo. Anzeni hapo. Chagueni vijana wachache wanaokwenda kurina, mpeni kila mmoja sentensi zinazotumika tangu kuukagua mzinga, kuwasha moshi hadi kugawana masega, zikiwa zimetolewa katika rekodi za wazee, na mkubaliane kwamba mtu akishafika chini ya mti ule hasemi Kimaasai wala Kiswahili hadi asali iteremke. Mwaka wa kwanza mtakuwa kimya sana. Mwaka wa pili waleteni watoto.